Habari za Uamsho wa Gahini

Katika Rwanda ya mashariki liko ziwa refu jembamba liitwalo Muhazi, na juu ya kilima kimoja kando yake ilijengwa misheni ya Gahini. Hapo, baina ya mwaka 1929 na 1936, lilikua jambo ambalo baadaye lilivuka mipaka ya nchi kadha wa kadha na kuitwa Uamsho wa Afrika Mashariki. Wataalamu walioandika juu ya Uamsho huo aghalabu wameutazama ulipokwisha kuwa mkubwa, wakati maelfu ya watu walipokusanyika uwanjani na maaskofu walipokuwa wakishauriana wafanye nini nao. Lakini jambo lenye faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa historia liko nyuma ya hayo, katika miaka michache ambayo Gahini palikuwa mahali padogo pasipo sifa, penye watu waliochoka na wasioaminiana. Watu wale hawakuongezewa fedha, wala hawakupelekewa wasaidizi wengi, wala wakuu wao hawakubadilishwa. Hata hivyo walipata nguvu mpya, na yafaa kuuliza waliipata wapi.

Misheni yenyewe ilikuwa changa. Madaktari wawili Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walikuwa wameanza kazi ya hospitali huko Kabale, katika wilaya ya Kigezi ya Uganda, mwaka 1921. Lakini nia yao tangu mwanzo ilikuwa Rwanda. Nchi hiyo ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza na kuingia chini ya Wabelgiji. Kwa muda mfupi sehemu yake ya mashariki ilitiwa chini ya Waingereza, waliotaka njia ya reli ya kutoka Cape mpaka Kairo, kisha ikarudishwa. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya reli isiyojengwa kamwe ukawapitisha Waanglikana, nao wakapata Gahini. Basi hawakuwa na heshima ya wenyeji wa zamani. Mapadre Wakatoliki walikuwa nchini tangu mwaka 1900, walikuwa na shule nyingi, na serikali ya Kibelgiji iliwaelekea wao. Wasaidizi kadha wa Gahini, walimu na watumishi wa hospitali, walikuwa wametoka Uganda. Walikuwa wageni katika nchi ya watu, mbali na ndugu zao.

Daktari kijana John Edward Church, aliyejulikana zaidi kwa jina la Joe, alifika Gahini mwaka 1928, na karibu mara moja njaa ikaingia. Wanyarwanda waliipa njaa hiyo jina la Rwakayihura. Mvua zilikosekana, mashamba yakakauka, na watu wakaanza kuhama kuelekea Uganda, wengi wakianguka njiani. Hospitali iliyokusudiwa kutibu vidonda na homa ikawa mahali pa kugawia chakula na pa kufia. Mtu ambaye hajapata kuona njaa ya namna hiyo hudhani kwamba ikiisha furaha hurudi pamoja na mvua. Sivyo ilivyokuwa. Mvua ziliporudi, waliobaki Gahini walikuwa wamedhoofika kwa kazi, na uchovu wao ukageuka kuwa manung'uniko. Wakuu waliwaona wasaidizi kuwa wavivu na wasiosema kweli; wasaidizi waliwaona wakuu kuwa wakali na wenye kiburi. Ibada ziliendelea kila siku kama kawaida. Kengele ililia, watu waliingia, waliimba, wakatoka.

Tena hali hii haikuwa ya Gahini peke yake. Kanisa mama la Uganda, ambalo wamisionari wake wa kwanza walifika mwaka 1877, lilikuwa limekwisha kuwa kanisa kubwa. Wazee wake walikuwa wameona kwa macho yao vijana wakichomwa moto kwa ajili ya imani katika siku za Kabaka Mwanga. Lakini watoto wa wazee hao walizaliwa katika dini kama mtu anavyozaliwa katika ukoo. Kubatizwa kulikuwa sehemu ya ustaarabu, pamoja na kusoma, kuvaa nguo nzuri na kupata cheo. Hapana shaka Kanisa lilikuwa na watu wema wengi. Ila desturi ilikuwa imechukua mahali pa imani, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Uganda ilikuwa imepata kuona jambo la namna hii kabla: mwaka 1893 mmisionari George Pilkington, akiwa amekata tamaa, alikwenda peke yake katika kisiwa cha Kome, na aliporudi maneno yake yaliwaamsha Wakristo wengi. Lakini baada ya miaka zaidi ya thelathini kumbukumbu hiyo ilikuwa imebaki katika vitabu.

Mwezi wa Septemba 1929 Church alikwenda Kampala kupumzika, naye mwenyewe alikuwa karibu kuvunjika moyo. Juu ya kilima cha Namirembe, karibu na kanisa kuu, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa ukoo wa watu wenye cheo, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Inasimuliwa kwamba Nsibambi alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake. Alimwambia daktari kwamba kuna kitu kinachopunguka ndani yake mwenyewe na ndani ya Kanisa la Uganda, akamwuliza ni kitu gani. Daktari angeweza kumjibu kama mwalimu anavyomjibu mwanafunzi. Badala yake alikiri kwamba hata yeye kinampungukia kitu kile kile. Wakakaa pamoja siku mbili, wakisoma Biblia na kuomba.

Waandishi wengi hufanya siku mbili hizo kuwa mwanzo wa yote, nao wana sababu, kwa kuwa wakati ule halikuwa jambo la kawaida Mzungu mwenye shahada ya Cambridge kukaa na Mwafrika na kuungama upungufu wake mbele yake. Nsibambi baadaye aliacha kazi ya serikali, akawa mhubiri asiye na mshahara wala daraja ya kanisa. Lakini msomaji asidhani kwamba daktari alirudi Gahini na moto mkononi. Alirudi akaikuta Gahini ile ile. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi mambo hayakuwa bora. Pengine yalikuwa mabaya kuliko kwanza, kwa maana mtu aliyeamka katika nyumba ya waliolala huwasumbua wote. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuja Gahini kuwa mwalimu. Alikuwa kijana mwenye bidii, naye alihubiri kwa ukali. Baadhi ya watumishi wa hospitali walichukizwa.

Miongoni mwa waliochukizwa alikuwa Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi wa hospitali. Huyu ndiye mtu wa kutazamwa sana katika habari hizi, ingawa vitabu vingi humtaja baada ya wengine. Kinuka alikuwa amefika kwa wamisionari kwanza kama mgonjwa, akatibiwa, akajifunza kazi, akapanda mpaka kuwa mkubwa wa wenziwe. Alijua kazi yake. Alijua pia makosa ya kila mtu pale. Alipochoka na maneno ya wahubiri alifikiri kuacha kazi na kwenda zake. Karibu na mwaka 1931 alikwenda Kampala akamtembelea Nsibambi. Nsibambi alimwuliza habari za Gahini, na kwa nini kazi ya hospitali ilikuwa katika hali mbaya. Kinuka alimweleza sababu, nazo zote zilikuwa juu ya watu wengine. Nsibambi alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akamjibu kwamba kilichoharibu hospitali ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka, na kwamba wadogo wake walikuwa wakimfuata yeye.

Kwa hesabu ya kawaida neno kama hilo huvunja urafiki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mtu kuambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye anayekula nguo za wenzake ni jambo jingine. Kinuka aliondoka Kampala akiwa na maneno hayo, na njiani wakati wa kurudi alikubali moyoni kwamba ni kweli. Alifika Gahini mtu mwingine. Hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kuwaendea wale aliokuwa amewakosea, mmoja mmoja, akawaambia makosa yake na kuomba radhi. Watumishi wa hospitali, waliokuwa wamezoea kusikia toba kanisani siku ya Jumapili kutoka kwa mtu aliyesimama juu ya mimbari, sasa waliisikia siku ya kazi kutoka kwa mkubwa wao. Nidhamu ya hospitali ilibadilika kabla ya ibada kubadilika. Hapa ndipo ilipo siri ya Gahini, kama inafaa kuiita siri: jambo lile liliingia kwanza katika kazi, katika funguo za ghala, katika usiku wa zamu na maneno ya jikoni, ndipo likaingia kanisani.

Katika siku za mwisho za Desemba 1933 ulifanywa mkutano wa kujifunza Biblia huko Gahini. Siku zilipita kwa utaratibu, bila ajabu yo yote. Kisha, katika maombi, mtu mmoja aliinuka akaanza kuungama dhambi zake waziwazi, na mara ukuta ukaanguka. Kwa muda wa zaidi ya saa mbili watu walisimama mmoja baada ya mwingine, pengine wawili watatu kwa pamoja, wakilia na kusema mambo waliyoyaficha miaka mingi. Baada ya mkutano vitu vilivyoibwa vilirudishwa, madeni yakalipwa, na watu waliokuwa hawasemezani wakaamkiana.

Kutokana na hayo kukazaliwa desturi iliyokuwa mgongo wa Uamsho wote, nayo ni mkutano wa ndugu. Haukuwa ibada rasmi, wala haukuhitaji kasisi. Watu wachache walikutana nyumbani, hospitalini au chini ya mti, wakasoma kifungu, wakaimba, kisha kila mmoja akasema mahali alipoanguka tangu walipokutana mara ya mwisho. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Mzungu alikaa na Mwafrika, Mganda na Mnyarwanda, mume na mke, na hakuna aliyekuwa na cheo cha kumzuia mwingine kumwambia kosa lake. Wahubiri walitoka kwa vikundi, si mmoja mmoja, ili pasiwe na mtu wa kusifiwa peke yake. Watu wa nje waliwaita Walokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka, na kwanza lilikuwa jina la dhihaka. Wenyewe waliitana ndugu. Wimbo wao, Tukutendereza Yesu, uliimbwa kila mtu alipomaliza kuungama, na wenziwe wakamshika mkono au kumkumbatia.

Ubaya ulikuwamo pia, nao usifichwe. Katika mwaka 1935, kabla na baada ya mkutano mkubwa wa Kabale wa mwezi wa Septemba, vilima vya Kigezi vilijaa kelele za usiku. Watu walitetemeka, walianguka chini, waliona ndoto, waliimba mpaka alfajiri, na maofisa wa serikali wakaingiwa na wasiwasi. Wako walioungama mambo ya watu wengine badala ya mambo yao. Wako walioona kwamba asiyeungama kwa namna yao si Mkristo hata kidogo, ingawa amezeeka katika kanisa. Mzee aliyekuwa ametunza kanisa la kijijini miaka thelathini, akiambiwa na kijana wa juzi kwamba hajaokoka, alikuwa na haki ya kuumia.

Blasio Kigozi hakuishi kuona matunda wala matata. Mwaka 1935 alijifungia juma zima katika kibanda chake akiomba na kufunga, akatoka na neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani Amka. Mwanzoni mwa mwaka 1936 alikwenda Kampala akiwa na mambo aliyotaka yafikishwe mbele ya Sinodi ya Kanisa la Uganda: baridi ya Kanisa, watu wanaoishi waziwazi katika dhambi na kuruhusiwa kukaribia Meza ya Bwana, na jinsi ya kuliamsha Kanisa upya. Hakuwahi kusimama kuyasema. Alishikwa na homa ya papasi, akafa tarehe 25 Januari 1936, akiwa shemasi tu. Kifo chake kilifanya kazi ambayo pengine hotuba yake isingeifanya. Neno lake likashikwa na wengine, na mwaka 1937, Kanisa lilipokuwa likiadhimisha miaka sitini, likahubiriwa Uganda nzima.

Tangu hapo Uamsho ulikwenda haraka. Mwaka 1937 kikundi cha kutoka Rwanda na Uganda kilifika Kabete, karibu na Nairobi. Huko Tanganyika uliingia kwa njia ya Katoke, upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ukashika Walutheri wa Buhaya sawasawa na Waanglikana, na mmoja wa vijana wao, Josiah Kibira, alikuja kuwa askofu mwaka 1964. Festo Kivengere wa Kigezi alikwenda Dodoma katika miaka ya arobaini kufundisha shule, akahubiri kwa Kiswahili katika nchi ya Wagogo.

Jaribu kubwa la kwanza lilitokea katika chuo cha makasisi cha Mukono mwaka 1941. Wanafunzi wa Kilokole waliamka kabla ya mapambazuko kuomba, wakawahubiria wenzao na hata walimu wao, wakalaumu wizi na uzinzi waliouona chuoni pamoja na mafundisho waliyoyaona kuwa yanapunguza Biblia. Mkuu wa chuo alikataza mikutano hiyo ya alfajiri. Wao walikataa kutii, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, miongoni mwao William Nagenda. Kwa wengi wao njia ya ukasisi ilifungwa. Si rahisi kuamua nani alikuwa na kosa. Chuo hakiwezi kuendeshwa na wanafunzi, wala wanafunzi hawawezi kulaumiwa kwa kuchukia wizi. Lililo wazi ni kwamba hapa Uamsho ungeweza kugeuka kuwa dhehebu jipya, kama ilivyotokea mara nyingi mahali pengine katika Afrika. Haukugeuka. Askofu Stuart, ingawa alisumbuliwa nao sana, hakuwatupa. Na ndugu nao, kwa shauri la watu kama Nsibambi, waliamua kukaa katika Kanisa lile lile lililowafukuza. Nagenda hakupewa daraja ya ukasisi maisha yake yote, akahubiri mpaka Ulaya akiwa mtu wa kawaida asiye na joho. Kama wangejitenga, wangepata amani na Kanisa lingebaki na baridi yake.

Jaribu la Kenya lilikuwa la damu. Serikali ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952. Katika nchi ya Wakikuyu ndugu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba wamekwisha kunywa damu nyingine, ya Kristo. Wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali. Basi hawakuwa na kimbilio pande zote mbili. Baadhi yao waliuawa, wengine walipigwa na kuachwa wakidhaniwa wamekufa. Wapigania uhuru waliwaona kuwa wasaliti, na neno hilo lisipuuzwe, kwa kuwa ardhi iliyoporwa ilikuwa imeporwa kweli, na mikutano ya ndugu haikuwa na la kusema juu ya ardhi. Hata hivyo makanisa ya Ukikuyu yaliyobakiwa na watu wachache mno yalishikwa na hao hao, na vita vilipokwisha, watu wa pande mbili waliweza kukaa tena katika benchi moja mahali palipokuwa na ndugu waliokuwa hawakumwua mtu.

Rwanda yenyewe ndiyo inayotia uzito mkubwa zaidi katika mizani. Tangu machafuko ya mwaka 1959 Wakristo wengi wa Kitutsi walikimbilia Uganda, Burundi na Tanganyika. Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliuawa Nyamata mwezi wa Januari 1964, baada ya kukaa akiwahudumia watu waliohamishiwa huko. Na katika mwaka 1994, kwa muda wa siku mia moja hivi, watu zaidi ya laki nane waliuawa katika nchi hiyo iliyojaa wabatizwa, wengi wao ndani ya makanisa walimokimbilia. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao. Wako pia walioshika panga, na viongozi wa makanisa walionyamaza. Mtu akiuliza Uamsho ulikuwa wapi, hawezi kuambiwa kwamba swali lake si la haki. Jibu lililo karibu na kweli ni kwamba ndugu walijifunza kuungama wizi, uzinzi, uwongo na hasira, mambo ambayo mtu mmoja huyatenda kwa mwingine. Walijifunza hata kukaa pamoja Mhutu na Mtutsi katika chumba kimoja cha maombi. Hawakujifunza kuungama yale ambayo taifa huyatenda kwa sheria, kwa shule na kwa kitambulisho chenye jina la kabila. Kinuka aliambiwa dhambi iliyomo moyoni mwake naye akaijua. Hapakuwa na Nsibambi wa kuiambia serikali.

Baada ya vita wengi waliokuwa wamekimbia tangu mwaka 1959 walirudi na watoto wao waliozaliwa ugenini. Baadhi yao walikuwa wamelelewa katika mikutano ya ndugu kambini, wakaiendeleza katika makanisa yaliyokuwa yamebaki kuta tupu, pamoja na wajane wa waliouawa na wake za waliofungwa kwa kuua. Gahini pana hospitali hata leo, na kanisa kuu la dayosisi. Mikutano ingaliko huko, na Kigezi, na Bukoba, na Kabete: watu wachache, kifungu kimoja cha Biblia, mmoja anasimama kueleza kosa la juma lililopita, akimaliza wenziwe wanaanza Tukutendereza, kwa Kiganda, hata mahali ambapo hapana ajuaye Kiganda.